Mwanangu ananiita kwa jina langu, na bibi yake ndiye anayemwita Mama

*"Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Malindi, kwetu ni Lamu. Binti yangu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minane nilimwacha kwa mama yangu, mtaa wa Langoni, nikaenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Nilikaa miaka mitano. Huko nililea watoto wawili wa mwajiri wangu, mpaka wakawa wananiita mama. Sasa nimerudi, nimeolewa, na miezi mitatu iliyopita nilikwenda kumchukua mwanangu, ambaye anakaribia miaka saba. Hakutaka kuondoka, ikabidi nimwambie tunakwenda Malindi kutembea siku mbili tu. Tangu hapo hacheki nami. Mimi ananiita kwa jina langu, bibi yake ndiye anayemwita Mama. Ameanza kukojoa kitandani. Hulala na leso kuukuu ya bibi yake. Niliifua kwa sababu ilikuwa inanuka, akalia hadi alfajiri. Akizungumza na bibi kwa simu hulia saa nzima, kwa hiyo simu nimezisimamisha. Shuleni wanamcheka akisema 'mato' na 'ndaa', nami namsahihisha. Mume wangu, ambaye si baba yake mzazi, anasema amedekezwa na dawa yake ni bakora. Nimesoma mtandaoni kwamba mtoto akimkosa mama miaka mitatu ya kwanza, mapenzi hayarudi tena. Je, nimempoteza? Nimrudishe Lamu?"*

Dada yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi: hujampoteza. Katika barua yako mna dalili nzuri ambazo wewe umezihesabu kuwa mbaya. Unaniambia mtoto analia, anakumbatia leso, anamtaka aliyemlea. Mtoto ambaye hakupendwa halii hivyo. Mama yako alifanya kazi uliyomwachia, na aliifanya vizuri. Uliye naye nyumbani si mtoto aliyeharibika. Ni mtoto aliyefiwa, ila huyo anayemlilia yu hai, na namba yake imo katika simu yako.

Tuanze na jina, maana naona ndilo linalokuchoma zaidi. Hebu ifikirie nyumba ya mama yako. Wajomba zake mwanao wanamwita nani yule bibi? Mama. Na wewe, kwa miaka mitano, ulikuwa sauti ndani ya simu, na kila simu ilipolia kuna mtu alilitaja jina lako: ndoo, ndoo (njoo) uzungumze na fulani. Mtoto hujifunza majina kwa kuyasikia. Hakai akayachagua kwa kupima nani anampenda na nani hampendi. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi huko huko Lamu, na mama yangu mzazi nilimwita Dada hadi nilipoolewa. Hakuna hata siku moja niliyomhesabu kuwa dada yangu. Huku kwetu wako wengi wa namna hiyo, pengine hata katika ukoo wako ukitazama vizuri. Kwa hiyo usimlazimishe, usimlipe peremende ili akuite Mama, wala usijifanye hukusikia anapokuita kwa jina. Itika. Anapokuita, anakuhitaji, na hilo ndilo la maana kwa sasa.

Hilo la miaka mitatu ulilolisoma lina asili yake. Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa makao. Alisema kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu, wenye upendo na usiokatika, na mama yake. Wengi huishia hapo, na ndivyo maneno yalivyokufikia wewe. Lakini Bowlby aliendelea: au na mtu mwingine anayeshika nafasi ya mama kwa kudumu. Watoto waliomtia hofu ni wale waliokaa katika makao na hospitali ambako mlezi hubadilika kila zamu, mtoto asijue nani wake. Mwanao alikuwa na mtu wake.

Mwenzake Bowlby, Mary Ainsworth, alifika hapa kwetu Afrika Mashariki, Uganda, mwaka 1954. Alikuwa amesikia kwamba Waganda mtoto akiachishwa ziwa humpeleka kwa bibi yake ili alisahau, akataka kuona mtoto anaathirika vipi. Alipofika akakuta desturi hiyo imepungua sana, lakini hakuondoka. Alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi, akiwatazama watoto 28 na mama zao. Aliona kwamba mtoto humtumia mama kama gati: hutoka akaenda kucheza mbali kidogo, akishtuka hurejea kufunga kamba. Na aliona kwamba wengi wao walikuwa na gati zaidi ya moja. Yuko mama, na wako baba, bibi na ndugu. Hapo ndipo napata matumaini kwa ajili yako. Mtoto aliyewahi kuwa na gati imara anajua kufunga kamba. Anachohitaji ni kuhakikishiwa kwamba hili la pili halitamwangusha, na kwamba lile la kwanza halijabomolewa.

Sasa nikueleze kinachoendelea ndani yake. James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na Bowlby, aliwachunguza watoto wadogo waliolazwa hospitali za London enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra sana. Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kugoma. Kisha hunyong'onyea. Mwishowe hunyamaza, akacheza na wauguzi, na mama yake akija humtazama kama mgeni. Wauguzi waliwaona hawa wa mwisho kuwa wamezoea. Robertson akasema hao ndio wa kuhangaikiwa zaidi, maana wamelifunga jambo ndani. Kwa bibi yake, mwanao yuko baina ya hatua ya kwanza na ya pili. Kwako wewe alizipitia zote tatu akiwa na mwaka na miezi minane, nawe hukuwapo kuona. Muulize mama yako wiki zile za kwanza ulipoondoka zilikuwaje. Nadhani atakwambia mtoto alikaa mlangoni, au alikataa uji, au aliamka usiku akikutafuta. Pengine alikuficha ili usikatike moyo kazini. Mwanao alikulilia wewe pia, dada yangu. Huo ukimya wake wa sasa mbele yako una umri wa miaka mitano.

Na wale wawili wa Jeddah, ulipofunga sanduku nao walilia, sivyo? Hukumwibia mtu mtoto. Uliwaogesha, uliwalisha, ukawalaza, nao wakafanya ambalo watoto wote hufanya. Kama ulivyo na nafasi moyoni kwa wao na kwa wako, na mwanao anayo nafasi kwa bibi na kwako. Mapenzi ya mtoto si mkate ambao bibi akimega kipande chako kinapungua.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Lile la siku mbili ndilo jeraha lililo wazi zaidi, kuliko hata miaka mitano. Najua kwa nini ulilisema. Mtoto amekamata nguo ya bibi, watu wanatazama, boti ya kuvuka kwenda Mokowe inangoja. Kila mzazi hutafuta neno la kumpitishia hapo. Lakini mtoto wa karibu miaka saba anahesabu siku. Alihesabu moja, akahesabu ya pili, ya tatu ikaja hakuna aliyemwambia kitu. Na watoto wa umri huu wana tabia ya kujitwika sababu. Asipoelezwa kwa nini hajarudi, hujijibu mwenyewe: bibi amenichoka, nilifanya jambo baya, wamenitupa. Huenda hata kwa yule bibi anayemlilia, mtoto sasa ana mashaka.

Mwombe msamaha. Sisemi umbembeleze, sema ukweli kwa maneno machache, mkiwa mnafanya kitu kingine, si kwa kumkalisha kama mtuhumiwa. Mwambie: "Nilikwambia siku mbili, na haikuwa kweli. Niliogopa utalia. Nilikosea, nisamehe. Bibi hakukufukuza. Mimi ndiye niliyetaka uishi nami. Nyumba ya bibi ni kwenu siku zote, na utakwenda skuli zikifungwa." Kisha usingoje jibu. Huenda akanyamaza, huenda akaondoka. Yameingia. Baada ya hapo kila ahadi ndogo uitimize kama deni: ukisema utamfuata shule saa saba, uwe pale saa saba kasoro. Imani yake itarudi kwa hizo kasoro dakika kumi.

Kuhusu simu, zirudishe leo. Ulizisimamisha kwa sababu uliona simu inaleta machozi, lakini machozi yalikuwapo. Simu iliyafungulia mlango tu. Sasa analia bila mlango. Weka saa maalumu, tuseme kila siku baada ya alasiri, ili ajue kesho ipo. Akimaliza, kaa karibu naye, mpe maji, mwache alie. Usimwambie nyamaza. Mwambie, "Unamkumbuka sana bibi. Hata mimi namkumbuka." Si uongo, maana yule ni mama yako.

Kabla ya hapo kuna jambo la kuzungumza na mama yako faraghani. Sisi tunajua uzito wa radhi. Mtoto huyu anahitaji radhi ya bibi ili akupende wewe. Bila hiyo, kila anapocheka nawe anaona kama anamsaliti aliyemlea. Mwombe mama yako amtamkie kwa kinywa chake: "Mimi sina hasira. Nimefurahi uko kwa mama yako. Ukimpenda, mimi nafurahi." Na mwombe pia asiseme "pole mwanangu, wamekutesa", hata kama moyo wake unaumia. Unaumia, bila shaka, naye ameondokewa. Muulize hali yake kwanza.

Leso irudishe kitandani, na usiifue tena bila idhini ya mwenyewe. Ulichokiosha si uchafu, uliosha bibi. Ile harufu ya mafuta ya nazi, udi na asumini ya vikuba ndiyo iliyokuwa ikimlaza. Mwambie mama yako atume leso mbili alizozivaa siku kadhaa, azifunge kwenye mfuko, azitume na basi. Moja ifunge uiweke, moja mpe. Nimeona watoto wakilala usiku mzima kwa jambo dogo kama hili.

Sasa bakora. Mume wako nadhani anataka kusaidia, na huenda ndivyo alivyolelewa, kwa hiyo usimjibu kwa ugomvi. Lakini mkojo wa usingizini hauji kwa kiburi. Mtoto aliyelala hana amri juu yake, na hofu huuongeza. Kati ya watoto mia wa miaka saba, watano hadi kumi hivi bado hukojoa kitandani, na mtoto aliyekwisha kuacha akaanza upya mara nyingi amepata mshtuko wa maisha, au ana ugonjwa, nitalirudia hilo. Mwaka 2005 Jennifer Lansford na wenzake walichapisha utafiti juu ya kina mama na watoto wa nchi sita: Uchina, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Tailandi. Walitaka kujua kama bakora hudhuru pale ambapo kila mtu huitumia. Jibu lilikuwa kwamba pale ilipozoeleka madhara yalionekana kupungua, lakini hayakuisha. Waliopigwa zaidi walikuwa na ugomvi zaidi na wasiwasi zaidi. Na shule za Kenya zimekatazwa kuchapa tangu 2001. Kwa mwanao liko jingine tena. Baba wa kambo ambaye mkono wake wa kwanza kwa mtoto ni fimbo atachukua miaka kuupata ule wa pili. Mpe kazi nyingine: awe ndiye anayempeleka kununua mahamri asubuhi, awe anayejua anapenda nini. Kuongoza na kukanya kubaki kwako kwa mwaka huu.

Na "kudekezwa"? Huenda bibi alimlegezea hapa na pale; mabibi ndivyo walivyo. Lakini kuanzia sasa mwanao atataka kulishwa, atataka kubebwa, atazungumza kama mtoto mchanga. Mruhusu. Anarudi kuchukua kwako kile ambacho hakukipata akiwa na miaka miwili, na akishiba ataondoka mwenyewe. Mipaka ibaki: hapigi, hatukani, analala saa zile zile.

Kiamu chake, yaani Kiswahili cha kwetu Lamu, tafadhali mwachie. "Mato" si kosa la kusahihishwa, na wewe unalijua hilo kwa sababu ndivyo ulivyosema ukiwa mdogo kama yeye. Jibu kwa Kiamu. Utakapomwambia "ndoo ule, najua una ndaa", tazama uso wake. Shuleni atajifunza "macho" na "njaa" kwa wiki chache bila wewe kugusa kitu, lakini nyumbani asikie kwamba alikotoka hakuhitaji kufutwa. Mwalimu wake zungumza naye, azuie kucheka.

Utakuta mtandaoni ushauri wa kumkalisha mtoto, kumtazama machoni na kumwambia nakupenda mara kumi kwa siku. Si mbaya, lakini si kila mahali mapenzi hupita njia hiyo. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyekaa na Wagusii wa Kenya, aliona mama wasiokaa wakitazamana na watoto wachanga wala kuwasifu, lakini mtoto akilia mkono umefika. Kwa mtoto aliyejifunga, kutazamwa sana ni mzigo. Kaa naye ubavuni. Mwaka 1975 Barbara Rogoff na wenzake walipitia maandishi kuhusu jamii 50, wakakuta katika nyingi miaka mitano hadi saba ndiyo mtoto anapoanza kukabidhiwa kazi za kweli. Mpe ungo wa mchele mchambue pamoja, kichwa chake karibu na chako, macho yote mawili kwenye mchele. Muulize, "Bibi hufanyaje, huanza upande gani?" Halafu fanya kama bibi. Hapo hapo, akiwa hatazamwi, ndipo maneno hutoka.

Je, umrudishe Lamu? Sitakwambia haiwezekani. Kama kazi yako na ndoa yako zinaruhusu wewe kuhamia Lamu na kuishi karibu na mama yako, hilo ndilo ningelipenda kuliko yote, kwani nyumba zetu za kale zilijengwa hivyo: binti akiolewa huongezewa ghorofa juu ya wazazi wake, na mtoto hukua kwa kupanda na kushuka ngazi baina ya mama na bibi. Kama haiwezekani, mlete bibi Malindi akae mwezi mmoja, na akiondoka aage mchana, kwa ukweli, kwa tarehe. Kisha likizo za Aprili, Agosti na Desemba mtoto aende, nawe umpeleke kwa mkono wako kupitia Garsen na Witu, na umrudishe siku uliyosema. Kumrudisha moja kwa moja kuna maana kama mama yako ana afya na nguvu, kama mtoto anadhoofika licha ya haya yote kwa miezi kadhaa, au kama nyumbani mwako hamna usalama. Kinachomuumiza zaidi ni kumpeleka, kumtoa na kumpeleka tena kila mkigombana. Usimtishie kwa Lamu, wala usimwahidi Lamu kama zawadi ya tabia njema.

Wiki hii mpeleke hospitali apimwe mkojo, maana maambukizi, choo kigumu na hata kisukari huweza kujitokeza kwa kukojoa kitandani. Akilalamika maumivu, akinywa maji kupita kiasi au akikonda usingoje. Mtafute mshauri wa watoto ana kwa ana kama amekataa chakula mpaka nguo zinampwaya, kama shuleni hazungumzi kabisa, kama anajiumiza au anasema afadhali afe, au kama baada ya miezi mitatu ya kufanya haya hakuna hata dirisha dogo lililofunguka. Na nakuomba umtazame kwa makini: kama anamwogopa mtu fulani nyumbani au shuleni, kama anakataa kuvuliwa nguo, kama anajua mambo ya miili yasiyo ya umri wake, usimhoji kwa vitisho wala usinyamaze. Nenda ofisi ya watoto ya serikali, au piga 116, ni bure Kenya nzima, mchana na usiku. Nawe ukiona unalia kila siku na hutaki kuamka, mwone daktari kwa ajili yako mwenyewe. Miaka mitano ya kulea wa watu huku wako yuko mbali huacha kitu mwilini.

Usitarajie aje mbio. Utaijua siku ilipoanza kwa mambo madogo: atakukasirikia waziwazi badala ya kunyamaza, atakushitakia mtoto wa jirani, atajikwaa na kuja kwako kabla hajakumbuka kwamba amekununia.

Leo baada ya isha, mpigie mama yako kwanza wewe peke yako, umuulize zile wiki za mwanzo zilikuwaje. Kisha mwite mtoto kwenye simu kabla hajalala, umpe aishike mwenyewe, nawe ukae chini mlangoni, asikuone sana wala asikukose.